Sifongo Ukutani na Nuru ya Kwa Mrombo

Nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu huachwa hadi mwisho wa ujenzi, wakati fedha zimekwisha na subira imepungua, nalo ni rangi ya kuta za ndani. Na kwa kuwa jambo hilo ni pana, nitashika sehemu yake moja tu, yaani ile sanaa ya kupaka rangi kwa sifongo, ambayo mafundi wetu huiita kupiga sponji, pamoja na uchaguzi wa rangi zinazostahili kukutanishwa katika ukuta mmoja.

Mtaa wetu wa Kwa Mrombo, hapa jijini Arusha, umepata sifa kwa nyama choma, na sifa hiyo ni haki yake. Watu hutoka kila pembe ya jiji kuja kuketi hapa mwishoni mwa juma, na moshi wa majiko huonekana kabla ya mabanda yenyewe. Lakini mwenye kupita nyuma ya mabanda hayo akaingia mitaani ataona jambo jingine linalostahili kusifiwa, nalo ni bidii ya watu wa kipato cha kawaida wanaojijengea nyumba kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati mwaka unaofuata, kisha familia inahamia ilhali milango ya vyumba ingali mapazia. Plasta hupigwa chumba hiki leo na chumba kile baada ya miezi, na fundi huyu kisha yule, pengine kwa mchanga uliochekechwa vizuri na pengine kwa mchanga uliochukuliwa kama ulivyo. Na matokeo yake ni kuta zenye mabonde na vilima vidogo visivyoonekana adhuhuri, lakini jua la asubuhi linapopenya dirishani kwa ubavu, kila kovu hujitokeza pamoja na kivuli chake.

Ni kwa ajili ya kuta za namna hiyo nasema kwamba sanaa ya sifongo ina manufaa makubwa kwetu, zaidi ya urembo. Rangi moja ikitandazwa ukutani kote, hususan ikiwa ni rangi ing'aayo, hufanya kazi ya shahidi: hueleza bila ya huruma mahali mwiko ulipoteleza na mahali waya wa umeme ulipochimbiwa kisha ukafukiwa kwa haraka. Lakini rangi mbili au tatu zinazokaribiana zikitawanywa kwa madoa laini juu ya rangi ya chini isiyong'aa, jicho hukosa mstari wa kufuata, nalo huuchukua ukuta mzima kuwa kitu kimoja. Kosa lipo palepale, ila halina tena pa kusimamia. Mwenye nyumba asiye na fedha za kupiga skimu nyumba nzima na kuisugua kwa msasa hadi inyooke, anaweza kwa njia hii kupata ukuta wa heshima kwa makopo machache na siku chache za kazi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni yaliyotoka Uingereza, ambako mtindo huu ulishika sana katika miaka ya 1980 baada ya Bibi Jocasta Innes kutoa kitabu chake Paint Magic mwaka 1981. Sikatai kwamba mtindo huo ulivuma huko. Hata hivyo nawaomba wazikumbuke nyumba za mawe za Lamu, ambazo kuta zake za ndani zilifanyiwa zidaka safu juu ya safu kwa plasta ya chokaa, na katika zidaka hizo vikawekwa vyombo vilivyopendwa kwa rangi na nakshi zake. Miongoni mwa vyombo vilivyofika pwani yetu katika karne ya 19 yalikuwamo mabakuli meupe kutoka Maastricht, Uholanzi, na kutoka Skotilandi, ambayo mapambo yake yalipigwa kwa sifongo: kipande kilikatwa kwa umbo la ua au la jani, kikachovywa katika rangi, kikagandamizwa juu ya bakuli, kikainuliwa na kugandamizwa tena pembeni yake, mpaka duara likatimia. Vigae vya mabakuli hayo wataalamu wa mambo ya kale wamevikuta katika mashamba ya zamani ya karafuu huko Zanzibar. Basi alama ya sifongo ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba za Waswahili, na kupendwa, miaka mingi kabla ya mtindo wa London. Kilichobaki ni kuitoa katika bakuli na kuipandisha ukutani.

Sasa tuitazame zana yenyewe. Iliyo bora ni sifongo ya bahari, kiumbe asiye na kichwa wala mguu aishiye kwa kujishikiza mwambani na kuchuja maji, ambaye mwili wake una matundu makubwa kwa madogo yasiyofuata mpango wowote. Na kwa sababu hiyo kila upande wake huacha alama isiyofanana na ya upande mwingine. Zamani tulidhani sifongo ya namna hii haina budi kutoka Bahari ya Mediterania, lakini huko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wako akina mama wanaozikuza kwa kuzitunga katika kamba chini ya maji, baada ya faida ya mwani kuwa ndogo, na wateja wao wengi huzinunua kwa kuogea. Bei yake si ndogo kwa mfuko wa fundi, lakini ikioshwa vizuri baada ya kazi hudumu vyumba vingi. Mafundi wengi wa hapa kwetu hutumia kipande cha sponji ya godoro kuukuu, nacho kinafaa kwa sharti moja: kinyofolewe kwa vidole pande zote, kisikatwe kwa kisu, kwa kuwa ukingo ulionyooka huacha alama ya pembe nne, na ukuta mzima hujaa vijisanduku. Dodoki nalo lisidharauliwe. Alama yake ni ya nyuzi zilizopishana, na katika ukuta mfupi, kama ule wa ukumbini, hupendeza sana.

Juu ya matayarisho sitarefusha maneno, ila mambo matatu hayana budi kutajwa. La kwanza, plasta mpya ya saruji iachwe ikomae na kukauka, angalau siku 28, na katika miezi ya baridi ya Juni na Julai zaidi ya hapo, kwa sababu ukuta mbichi hutoa chumvi nyeupe inayobandua rangi na kuiunguza. La pili, ukuta unaovuta maji kutoka chini, ambao rangi yake huvimba na kupukutika karibu na sakafu, hautibiwi kwa sifongo wala kwa rangi yoyote. Itafutwe kwanza sababu ya maji. La tatu ni hadhari: rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano kali na nyekundu kali, nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto; kwa hiyo rangi kuukuu ya mafuta isisuguliwe kwa msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto, bali ilowanishwe kwanza, na takataka zake zikusanywe na kuondolewa. Na mnunuapo rangi mpya, ulizeni kama ina risasi, na someni kopo.

Kazi yenyewe nilipata kuitazama kwa karibu katika sebule moja ya mtaa huu, mikononi mwa fundi kijana mwenye maneno machache. Rangi ya chini ilikuwa imekwisha kupakwa mara mbili kwa rola na kulala usiku mzima. Akamimina rangi ya pili katika sinia, akaizimua kwa maji, kipimo kimoja cha rangi kwa nusu kipimo cha maji. Akailowanisha sifongo katika maji safi na kuikamua mpaka haikudondoka tena, kwa maana sifongo kavu hunywa rangi nyingi na kuitema kwa matone mazito. Kisha akaichovya kidogo, wala hakwenda ukutani. Alikwenda kwenye gazeti lililotandazwa sakafuni, akaligusagusa mara kadhaa, mpaka alama ikatoka na matundu yake yote yanaonekana. Hapo tu ndipo alipoanza, nyuma ya mlango, pembeni juu, mahali ambapo mgeni haangalii kwanza, ili mkono upate kuzoea kabla ya kufika mbele ya macho ya watu. Kila alipogusa aliuzungusha mkono kidogo, huku na huku, alama zisije zikafuatana kwa mwelekeo mmoja. Na kila baada ya kitambo alirudi nyuma hadi ukuta wa pili akautazama wote kwa pamoja. Kwa pembe za dari na kandokando ya milango alikuwa na kipande kidogo cha kushika kwa vidole viwili. Alipoitwa kula alijibu kwamba ukuta haujafika kona, nao wenye nyumba wakafunika sahani yake. Alikuwa na haki, kwa maana ukuta ukiachwa katikati, mahali kazi ilipokatika patajulikana daima.

Rangi ya tatu aliipiga baada ya ya pili kukauka, kwa uchache zaidi, akiziba mapengo na kuzigusa kingo za madoa ya awali. Na mwisho akachukua tena rangi ya chini, ile ya kwanza, akaipitisha kwa sifongo juu ya sehemu zilizozidi uzito. Jambo hili la mwisho ndilo linalomtofautisha fundi na mpakaji, nami nalisisitiza: rangi ya chini ni dawa ya makosa yote ya rangi za juu, basi isiishe kabla ya kazi kuisha.

Niingie sasa katika uchaguzi wa rangi, ambako ndiko makosa mengi hutendeka. Vitabu vya Ulaya husema kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua, kwa hiyo kipakwe rangi za joto. Shauri hilo ni sahihi kwa London, na hapa ni batili. Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini yetu, upande ule wa Mlima Meru, na miezi iliyobaki huwa kusini, na nyakati zote hizo huwa juu sana, likianguka zaidi juu ya bati kuliko kupita madirishani. Jua linaloingia chumbani kwa nguvu ni la mashariki asubuhi na la magharibi alasiri. Kwa hiyo mwenye kutaka kuchagua rangi kwa Kwa Mrombo aulize kwanza: dirisha kubwa la chumba hiki linatazama mawio au machweo, na watu hukaa humu saa ngapi?

Chumba cha magharibi, ambacho alasiri hujaa nuru nzito ya dhahabu, kikipakwa rangi ya chungwa au nyekundu ya matofali kitaonekana kinawaka. Humo nashauri samawati iliyopauka, au kijani cha majani makavu juu ya nyeupe isiyo kali. Chumba cha mashariki hupata nuru changa, lakini katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mawingu huushika mlima na asubuhi zetu huwa za kijivu. Humo rangi ya maziwa ya chini, na rangi ya mchanga na ya ugoro juu yake, huleta uchangamfu ambao jua limetunyima. Ama sebule inayokaliwa usiku tu na watu waliochoka na kazi, hiyo haihukumiwi na jua hata kidogo, bali na taa. Taa nyeupe yenye ubaridi huifanya rangi ya maziwa ionekane imefifia, na taa ya manjano huigeuza samawati kuwa kijivu. Basi kabla ya kununua ndoo, pakeni kipande cha hadibodi, kisipungue sentimita 60 kila upande, mkipige sifongo kwa rangi zote mlizokusudia, mkitundike chumbani, mkakitazame saa moja asubuhi, saa nane mchana, na usiku taa zikiwashwa. Kile kikaratasi cha dukani hakitoshi. Rangi iliyo pole katika kikaratasi hukolea ikitanda ukuta mzima, na mwenye hekima huchagua iliyo hafifu zaidi kwa daraja moja.

Nalo vumbi. Sisi wa Kwa Mrombo tunalijua vumbi la kiangazi, la udongo huu wa volkeno ambao Meru, mlima uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, uliumwaga na kuusambaza tangu zama za kale. Liingie dirishani, liingie chini ya mlango, hatuna la kulifanya isipokuwa kufuta. Katika jambo hili nina shauri ambalo sijalisikia kwa wauza rangi: pitisha kitambaa cheupe katika kizingiti cha dirisha lako mwezi wa Septemba, kisha nenda nacho dukani, ukaombe rangi moja kati ya zile za juu ichanganywe ifanane na vumbi hilo. Ukuta wenye rangi hiyo ndani yake utaendelea kuonekana msafi katikati ya mfuto mmoja na mwingine, ilhali ukuta mweupe mtupu utamfedhehesha mwenye nyumba kabla ya jioni.

Rangi zitakazokutana zitoke katika ukoo mmoja, na ziachane kwa hatua ndogo. Samawati hafifu juu ya kijivu cha majivu, sawa. Waridi iliyokufa juu ya maziwa, sawa. Kijani cha mgomba kilichozimuliwa sana juu ya manjano hafifu, sawa pia, na ukumbi wenye giza hufunguka. Lakini damu ya mzee juu ya nyeupe, au bluu kali juu ya manjano, hukifanya chumba kuwa ngozi ya chui, na mwenye kulala humo hapumziki. Najua nitajibiwa kwamba sisi ni watu wa rangi kali: nitaonyeshwa kanga zetu, na nitakumbushwa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki 1972, ambaye alichukua rangi ya mafuta ya kawaida, ile ile ya madukani, akaipaka katika mbao za hadibodi huko Dar es Salaam na kuifanya isifike duniani. Naipenda kazi yake kwa moyo wote. Lakini kanga huvuliwa na picha hutunguliwa, na ukuta hukaa na mtu katika ugonjwa, katika msiba na katika usiku wa kukosa usingizi. Ukuta mpole ndio unaoipa picha ya Tingatinga nafasi ya kusema. Mwenye hamu ya rangi kali na aitie katika mito ya makochi, katika pazia, au katika ukuta mmoja tu ulio mfupi.

Na jikoni? Sifongo isipelekwe jikoni penye mkaa, wala katika nyumba iliyo ubavuni mwa majiko ya nyama, ambako moshi wenye mafuta hutua kila siku. Huko ipakwe rangi ya mafuta inayosafishika kwa maji na sabuni. Ukumbini na sebuleni penye watoto, tufuate desturi njema ya shule na hospitali zetu: mita moja ya chini ipakwe rangi ya mafuta iliyokolea kidogo, na juu yake ndipo sifongo ianze, ukanda wa mpaka ukinyooshwa kwa uzi na kupigwa brashi kwa utulivu.

Gharama si ya kutisha. Chumba cha mita 4 kwa 3 na nusu, chenye kuta za kimo cha mita 2 na sentimita 70, kina kuta za mita za mraba 36 hivi ukiondoa mlango na madirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 au zaidi kidogo kwa mkono mmoja, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4 hutosha mikono miwili ya rangi ya chini, na lita moja ya kila rangi ya juu huwa maridhawa, kwa kuwa sifongo hutumia kidogo. Kinachotumika kwa wingi ni muda wa fundi, nao ndio ambao wengi wetu hatutaki kuulipia. Ukimpa fundi bei ya rola kisha ukamtaka akupigie sifongo, atakimbiza mkono, na ukuta utasema hivyo kwa miaka yote. Vilevile ukuta mmoja ufanywe na mkono mmoja kutoka pembe hadi pembe, kwa maana kila mkono una uzito wake na hauigiki.

Kazi ikimalizika, wasikilizaji wangu, bakizeni nusu lita ya kila rangi katika chupa iliyofungwa vizuri, na juu yake mwandike jina la rangi, namba yake ya dukani na kipimo cha maji kilichotumika, pamoja na kile kipande cha sifongo kilichooshwa na kukaushwa. Siku kochi litakapokwaruza ukuta, au fundi wa umeme atakapochimba shimo jipya, mtarekebisha mahali hapo kwa dakika chache, bila ya kupaka chumba kizima upya.